Umekataa ndoa, je kodi ya meza umeikataa?

Ukifungua simu siku hizi hufiki mbali kabla hujakutana na Kataa Ndoa, ule wito wa wanaume kutooa. Ilianza kama utani wa vijana kwenye komenti, sasa imekuwa kama chama kisichokuwa na ofisi wala mwenyekiti, kina kaulimbiu, kina mashujaa, kina na maadui, na kijana yeyote aliyetendwa na mtu wake anapokelewa kama mwanachama mpya aliyekuja kuchukua kadi. Wachungaji wanaihubiri, mashehe wanaitolea mawaidha, na hapa Dodoma ukipanda daladala ya Mtumba, kule mji wa serikali, saa moja asubuhi unakuta watu wazima wenye vitambulisho shingoni wanabishana hilo jambo mpaka mtu anapitilizwa kituo. Na kila anayeongea ana moja kati ya majibu mawili. Wa kwanza wanasema vijana wa sasa waoga wa majukumu, wamekua kwa chipsi na simu, familia hawaiwezi. Wa pili wanasema hiyo ni chuki tu kwa wanawake imetafutiwa jina zuri.

Mimi naona wote wamesoma gazeti kichwa chini. Hawa vijana hawajaasi kitu. Wameamini, tena kuliko baba zao walivyoamini, kwamba thamani ya mwanaume ni kile anacholeta nyumbani, na wakishaamini hivyo wamejipima wenyewe kabla ya kupimwa na mtu, wameona kilo hazitimii, wakaona bora wasipande kwenye mizani kabisa. Mtu muasi anavunja mizani. Hawa wameiacha pale pale ilipo na wanaiheshimu kweli kweli, ndio maana matusi yao makubwa ni yale yale ya mtaani, mwanaume suruali, marioo, jamaa analelewa. Msikilize vizuri mtu wa Kataa Ndoa akimtukana mwanaume mwenzie, atamtukana kwa kukosa hela tu, hana tusi lingine.

Chukua hii kitu tunaita kodi ya meza. Kwa ambaye bado hajaonja, ni ile hela baba anayoiacha asubuhi kabla hajatoka, elfu kumi kwa mwenye nazo, elfu tano, wengine buku mbili na maneno mengi, ya mboga, mkaa, unga, mafuta ya kupimwa. Hakuna anayejua nani aliibatiza hilo jina ila alikuwa na akili sana, kwa sababu kodi hupewi asante ukiilipa, ila usipoilipa unatafutwa. Ukikosa siku moja unaeleweka, siku ya pili unaelezea, siku ya tatu hata mtoto wa miaka minne anajua kuna kitu hakiko sawa, anakuangalia tu.

Sasa kuna dogo mmoja ananibebaga kwenye boda kutoka stendi ya Nanenane, ana pikipiki ya mkataba, maana yake kila siku lazima apeleke hesabu kwa tajiri, inyeshe isinyeshe, mpaka mkataba uishe ndio chombo kiwe chake. Kwenye kava la tenki amebandika stika imeandikwa KATAA NDOA kwa herufi nyekundu. Siku moja nikamchokoza, dogo kumbe wewe hela yako unakula mwenyewe. Akacheka akasema wapi braza, akapunguza mwendo akaanza kunihesabia kwa vidole vya mkono wa kushoto huku wa kulia umeshika mafuta. Mama yake yuko Kongwa na mwaka huu mtama umekauka shambani. Mdogo wake yuko kidato cha tatu, ada hakuna ila hosteli ipo, michango ipo, madaftari yapo. Na kuna mtoto wake wa mwaka na nusu anakaa na mama yake Chang'ombe. Kila Jumamosi jioni anatuma sehemu tatu, tena anatuma na ya kutolea. Yaani huyu bwana amekataa ndoa na stika amebandika, ila meza tatu zinakula kodi yake na hamna hata moja anayokaa yeye.

Hapo ndio nilipoanza kuona kwamba tunabishania kitu ambacho sicho. Ndoa ni cheti, ni harusi, ni watu wawili kulala nyumba moja. Kilichowalemea hawa jamaa kilikuwepo kabla ya ndoa na kinabaki baada ya kuikataa.

Watu hupenda kusema mwanaume kuwa mtafutaji ni asili, ndivyo ilivyokuwa tangu mababu. Hapa Ugogo naomba tuende taratibu kidogo. Ni kweli hii ni nchi kavu, msimu wa mvua ni mmoja tu, unaanza Desemba unaisha Aprili ukijitahidi sana, na mwaka ukiharibika watu walikuwa wanaenda kuhemea, wanatembea siku nyingi na mifugo au na mikono mitupu kwenda kutafuta nafaka mbali. Wazee wa huku bado wanaitaja njaa ya Mtunya, ile ya kati ya 1917 na 1920 baada ya vita ya Wajerumani na Waingereza kupita hapa na kubeba chakula, ng'ombe na wapagazi, ambayo iliua watu vibaya sana. Kwenye nchi kama hiyo mtu anayerudi na debe la mtama ni mtu wa maana, sina ubishi. Ila angalia mambo yalivyokuwa yamepangwa ndani. Mke alikuwa na nyumba yake, shamba lake, ghala lake. Uwele na mtama vilikuwa vinatoka kwenye jembe la mwanamke kwa kiasi kikubwa, mwanaume alikuwa na ng'ombe, kulinda, maji ya mifugo, kesi za ukoo. Na mahari, hiki ndio wengi tumesahau, mahari ya ng'ombe haikuwa mzigo wa bwana harusi peke yake. Baba alitoa, wajomba walitoa, ndugu walichangia, na upande wa pili wale ng'ombe waligawanywa kwa watu wengi vilevile. Kijana alikuwa anaoa kwa mgongo wa ukoo. Leo kijana wa Nkuhungu anatajiwa milioni mbili, anazitafuta mwenyewe kwa boda, alafu ukoo unakuja siku ya kupeleka, umevaa vizuri, kusaidia kuhesabu.

Hela ndio iliyobadilisha. Mwaka 1898 Mjerumani alileta kodi ya nyumba, akataka ilipwe kwa fedha au kwa nguvu za mtu, na Mwingereza akaja akaendeleza, akaongeza kodi ya kichwa kwa mwanaume mzima asiye na nyumba. Lengo halikuwa mapato peke yake, walitaka watu watoke vijijini wakafanye kazi za mashamba na reli. Mgogo akauza ng'ombe, zikiisha anaondoka kwenda kwenye mkonge, kule walikoitwa manamba, kwa sababu mtu alikuwa anaandikwa namba. Fikiria hiyo kitu vizuri. Kwa mara ya kwanza serikali ilikuwa inamtazama mwanaume kama kichwa chenye deni la fedha, na nyumbani nako anayerudi anaangaliwa mkononi kabla ya usoni. Baada ya uhuru kodi ya namna hiyo ilifutwa, ikarudi kwa jina la kodi ya maendeleo miaka ya 80, na watu wa umri wangu tunawakumbuka baba zetu wakiruka dirishani mgambo wakipita alfajiri. Mwaka 2003 ikafutwa tena. Kodi ya kichwa ikaondoka, ya meza ikabaki, na hii haina mgambo kwa sababu haihitaji, mlipaji anajikamata mwenyewe.

Sasa weka hayo kwenye Dodoma ya leo. Kwa miaka mingi huu mji ulikuwa makao makuu kwenye karatasi tangu 1973, watu wanakuja bungeni wanaondoka. Alafu 2016 ikatangazwa serikali inahamia kweli, 2018 tukawa jiji, na kwenye sensa ya 2022 jiji lilikuwa na watu zaidi ya laki saba na nusu wakati mwaka 2012 walikuwa laki nne na kidogo. Miaka kumi tu. Wengi wao walikuja kwa sababu moja, kuna kazi. Mafundi, saidia fundi, madereva, vibarua wa Mtumba na Msalato, wauza viwanja, mawinga, na watumishi waliohamishwa wakaacha familia Dar. Ni mji uliojazwa na wanaume waliotumwa na nyumba zao kwenda kutafuta. Nenda stesheni ya SGR Ijumaa jioni utawaona watumishi wa serikali na vibegi vya mgongoni, na tangu treni ya umeme ianze kufika huku Julai 2024 wanasema afadhali sasa baba anaonekana kila wikiendi. Lakini hebu muulize mmoja wao mtoto wake anasoma darasa gani. Atakwambia ada ya mtoto ni shilingi ngapi na muhula unaanza lini. Simcheki, na mimi nilishawahi kuwa hivyo hivyo.

Sasa tuje kwenye hoja zenyewe. Wazee wana hoja nzito kuliko vijana wanavyodhani. Wanasema mtu asiyehitajika popote anaoza, na majukumu ndiyo yanayomnyoosha kijana, kabla ya kuoa anakunywa mshahara na baada ya mtoto wa kwanza unamkuta ana bati kumi stoo. Hilo nimeliona kwa macho yangu mara nyingi. Kuhitajika ni kutamu. Mwanaume akipita na kilo tano za unga begani watoto wanamkimbilia kuna kitu kinatokea kifuani kwake ambacho hakinunuliki, na mtu anayetaka kuondoa hicho kitu kwa jina la usawa sijui anataka kuweka nini badala yake. Kosa la wazee liko sehemu moja tu, wanachanganya kuhitajika na kutumika. Jembe nalo linahitajika. Likikatika mpini linatupwa nyuma ya nyumba na hakuna anayeuliza limelalaje.

Wanawake nao wana hoja na mimi naiona nzito kuliko zote. Dada mmoja tunafanya naye kazi aliniambia, kaka nyie mnalia kwa kuacha elfu tano mezani, hivi hiyo elfu tano inajipika? Mwanamke wa Majengo sokoni anaamka saa kumi usiku kufuata nyanya, anarudi anapika, anafua, ana VICOBA Jumatano na rejesho Ijumaa, na bado hela yake inaitwa ya kusaidia. Hajawahi kuulizwa kama ana faida kwa sababu faida yake imeshahesabiwa kama hewa. Nilijaribu kumjibu nikashindwa, na nadhani kushindwa kwangu kulinifundisha. Tatizo lake na la dogo wa boda vinatoka kisima kimoja. Kama mwanaume ndiye aliyepewa cheo cha mleta, basi kila anacholeta mwanamke lazima kiitwe jina lingine, la sivyo cheo kinaanguka. Yeye anapunjwa sifa, mwenzie anabebeshwa sifa ambayo hana uwezo nayo. Kwa hiyo wale wanaosema kuongelea shida za wanaume ni kuwasahau wanawake, mimi siwaelewi, hiki ni kitanda kimoja na kunguni ni wale wale.

Hoja za Kataa Ndoa zenyewe ziko za aina mbili. Ya maana ni ya uchumi. Kodi ya chumba imepanda, kiwanja kilichopimwa sio cha mtu wa boda, michango ya harusi imekuwa biashara kamili yenye vikao na kadi za ahadi, na kijana anaingia kwenye ndoa akiwa na deni la ukumbi. Hapo hawajadanganya. Ila hoja yao wanayoipenda zaidi, ile inayopata laiki nyingi, ni ya sheria, kwamba ukioa mwanamke anakuja kuondoka na nusu ya mali yako kwa hiyo bora uishi naye tu hivi hivi bila cheti. Hii ndio hoja dhaifu kuliko zote na inashangaza inavyorudiwa na watu wenye akili zao. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema mwanaume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja miaka miwili au zaidi katika mazingira ambayo watu wanawachukulia kama mume na mke, kunakuwa na dhana kwamba wameoana. Dhana hiyo unaweza kuipinga mahakamani, sawa, lakini hata ukifanikiwa kuipinga yule mwanamke bado ana haki ya kuomba matunzo yake na ya watoto. Na hiyo nusu kwa nusu wanayotishia watu haijaandikwa hivyo, kifungu cha 114 kinaitaka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja, kwa fedha, mali au kazi, ndipo ielekee kwenye usawa. Kwa hiyo bwana mkubwa unayekaa na mtu miaka mitano Ipagala mmezaa wawili, majirani wanamwita mkeo, alafu unajiita Kataa Ndoa, pole, sheria ilishakuozesha kitambo na hata pilau haukula.

Nimetaja mchango wa kazi, ngoja nikae hapo kidogo. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani kwenye shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye mali ya ndoa. Kupika, kufua, kulea, vinahesabika. Kwa mwanamke ilikuwa ni ukombozi na wanasheria wanaitaja mpaka leo. Ila kitu ambacho sijasikia mtu akikitafakari ni upande wa pili wake. Kama kulea ni mchango, mwanaume aliyebaki nyumbani na mtoto mgonjwa wakati mke anafanya kazi, naye anachangia. Kisheria hakuna kinachozuia kulisema hilo. Mtaani haliwezekani, jina lake ni analelewa, na anayelitamka kwa sauti kubwa zaidi ni wanaume wenzake kwenye kijiwe cha kahawa. Halafu soma kifungu cha 63 cha sheria hiyo hiyo. Kinampa mume wajibu wa kumtunza mke, malazi, mavazi na chakula, lakini kadiri ya uwezo wake na hali yake ya maisha. Kadiri ya uwezo wake. Na kinaendelea kusema mke mwenye uwezo ana wajibu wa kumtunza mume ambaye maradhi au jeraha, la mwili au la akili, limemfanya ashindwe kujipatia riziki. Yaani watu waliotunga sheria mwaka 1971, wakati Mwalimu yuko Ikulu, walikuwa wameshawaza kwamba mwanaume anaweza kuishiwa nguvu na akabaki kuwa mume. Kijiwe cha mwaka huu bado hakijafika huko.

Mimi mwenyewe kuna mwaka mradi niliokuwa naufanyia kazi ulifungwa ghafla, tukaambiwa tusubiri simu. Nikasubiri. Nyumbani sikusema. Nilikuwa naamka saa kumi na moja, naoga, napiga pasi shati, nachukua bahasha ya kaki iliyokuwa na magazeti ya zamani ndani, natoka mpaka Nyerere Square nakaa kwenye benchi. Asubuhi kivuli kinakuwa huku, ikifika saa saba kimehama unahama nacho, na baada ya siku chache nikagundua tunaohama nacho tuko wengi na tumepiga pasi wote. Hatukuwa tunasalimiana. Ilienda kama miezi miwili, na kitu cha ajabu kila nikivaa suruali asubuhi nakuta elfu tano mfukoni, nashukuru kumbe kuna hela nilisahau, naiacha mezani, naondoka. Mke wangu ni mwalimu. Baadae sana, kazi imeshapatikana, akaniambia baba watoto mimi nilijua tangu wiki ya pili, ulikuwa unarudi simu imezima, mtu wa ofisini simu haimzimikii. Nikamuuliza sasa kwanini hukusema. Akasema ningesema ungekaa wapi?

Nimeitafakari hiyo kwa miaka na bado sijui kama alinisaidia au tulidanganyana wawili. Hela ilikuwa ya kwake, meza ya kwetu wote, ila ili ile elfu tano ihesabike kuwa kodi ilibidi ipite kwanza kwenye suruali yangu. Naandika hapa kwa sababu mtu wa Kataa Ndoa akiisoma atasema umeona, ndio maana mimi sioi, na mzee naye atasema umeona, mke mwema huyo. Wote hawataiuliza ile suruali ilikuwa na kazi gani katikati.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni huko mbele, kwa wanaostaafu, kuliko kwa vijana. Dodoma ni mji wa watumishi na mtumishi ana tarehe ya kuisha matumizi yake, imeandikwa kwenye barua. Kelele za kikokotoo, ile hesabu ya mafao ya kustaafu, tulizisikia, mkupuo ulivyowekwa asilimia 33 kuanzia Julai 2022 wakati kuna waliokuwa wamezoea 50, mpaka kwenye bajeti ya 2024/25 serikali ikawapandishia hao hadi 40. Wengi tuliisikia ile kama kelele ya hela, na ilikuwa ya hela, mtu amekopa kwa hesabu ya ile 50. Lakini ukikaa na hao wazee ukawapa muda, unasikia kitu kingine chini yake. Kiinua mgongo kilikuwa ni kodi ya meza ya mwisho, ile kubwa, ya kununua heshima ya miaka iliyobaki. Mzee alijua akifika nyumbani na mkupuo mzito atakaa kwenye kochi lake bila kuulizwa. Kikipungua anarudi kwenye nyumba ambayo kwa miaka thelathini lugha yake na watoto ilikuwa ni nishatuma, umeipata? Watoto sasa wanajitegemea, hakuna wa kutumiwa, na lugha nyingine hawakuwahi kujifunza pamoja. Anaanza kwenda kukaa baa saa nne asubuhi watu wanasema pensheni imemchanganya.

Na wengine hawafiki huko. Hapa Dodoma tuna utani, mtu akianza kukaa peke yake tunamwambia angalia usije pelekwa Mirembe, tunacheka, kwa sababu hiyo hospitali ya magonjwa ya akili iko hapa hapa. Takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2019 zinaonyesha duniani kote wanaume 12.6 katika kila wanaume laki moja walijiua, wanawake ni 5.4 katika kila wanawake laki moja. Sisemi wote hao ni hela, maisha ya mtu hayana sababu moja. Nasema kwamba mtu aliyefundishwa tangu utotoni kuwa yeye ni kile anacholeta, siku akikosa cha kuleta, kwa hesabu zake mwenyewe hayupo. Na akiwa hayupo hawezi kwenda hospitali, maana nani anaenda? Watu wanasema wanaume wafunguke, waongee, sawa, lakini wafunguke kwa nani wakati swali la kwanza atakaloulizwa ni kwani mambo yako ya kazi yakoje.

Ndio maana kampeni za kuwashawishi hawa vijana waoe zinanichosha sawa na stika zao. Ukimwozesha kesho dogo wangu wa Nanenane utakuwa umemwongezea meza ya nne. Mahubiri ya mwanaume simama kwenye nafasi yako yanampata mtu ambaye tatizo lake ni kwamba amesimama muda mrefu mno na hajaambiwa kuna kiti. Kama kuna wa kuanza naye ni ukoo, urudi kwenye mahari kama zamani, ama utoe au upunguze, usije kuhesabu tu. Waajiri wanaohamisha watu nao wajue wanahamisha baba, hawahamishi mshahara. Na kijiweni, yule jamaa anayebeba mtoto mgongoni kwenda kliniki Makole aachwe apite bila mtu kukohoa. Hivyo ni vitu vidogo na sioni vikifanyika karibuni, nasema ukweli.

Wiki iliyopita nilipanda tena ile boda. Stika imeanza kubanduka upande mmoja, imebaki TAA NDOA. Amebakiza miezi miwili mkataba uishe. Nikamuuliza siku pikipiki ikiwa yako utafanya nini cha kwanza. Nilidhani atasema ataongeza nyingine, au ataanza kujenga. Akafikiri mpaka tukavuka taa za pale katikati, akasema siku hiyo braza nalala mpaka saa nne, simu nazima. Nikamuuliza na wale wa Jumamosi je. Akasema itakuwa Jumatatu.